Mfuko ni wa saruji, nyumba ni ya zege

Mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza huijua bei ya saruji kuliko bei ya unga. Anajua imepanda lini, duka gani linapunguza mia tano, na mifuko mingapi ilibaki stoo jana jioni. Siku ya kumwaga zege huja na kiti chake, akakaa karibu na mifuko na kuhesabu kila unaopasuliwa, maana amesikia habari za mifuko inayoondoka usiku. Simlaumu, jasho lake limo humo. Lakini hatua kumi kutoka alipokaa, kijana ameshika mpira wa maji na anamwagia mchanganyiko kila beleshi linapokuwa zito mkononi mwa mwenzake. Huyo hahesabiwi na mtu. Na kwa kiasi kikubwa, nguvu ya nguzo zitakazobeba nyumba ile inaamuliwa na mpira ule kuliko mifuko ile.

Tupige hesabu ndogo. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida, lile la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, ina uzito wa takriban kilo 2,400. Ndani yake saruji ni kama kilo 320, mifuko sita na ushee. Kilo zaidi ya 2,000 zilizobaki ni mchanga, kokoto na maji. Anayelinda saruji peke yake analinda chini ya moja ya saba ya uzito wa kile atakacholala chini yake, na sehemu kubwa iliyobaki ameiachia dereva wa lori la mchanga na kijana wa mpira.

Saruji yenyewe huanzia kwenye jiwe. Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Bamburi, Mombasa, kazi ilianza mwaka 1954, na jiwe la pale ni matumbawe ya kale, masalia ya viumbe walioishi baharini kabla bahari haijarudi nyuma. Jiwe la chokaa husagwa, likachanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha likaingizwa kwenye tanuri refu la chuma linalozunguka polepole, ambamo joto hufika nyuzi 1,450 za Selsiasi. Humo chokaa na udongo huungana na kutoka vikiwa vidonge vigumu vya kijivu viitwavyo klinka. Klinka husagwa tena pamoja na jasi kidogo. Jasi hiyo ndiyo inayompa fundi muda. Bila hiyo saruji ingeganda ndani ya dakika chache, kabla hata haijafika kwenye karai.

Unga huo, ukiwa ndani ya mfuko mkavu, haubebi kitu. Kazi yake ni kuungana na maji na kuwa gundi inayoshika vitu vingine. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya saruji na zege: saruji ni kitu kilichokamilika kiwandani, kikapimwa na kutiwa alama ya Shirika la Viwango, ilhali zege ni jiwe linalotengenezwa kwenye kiwanja chako, na watu wako, kwa maji yako, siku moja, bila nafasi ya kurudia.

Namba zilizoandikwa kwenye mfuko, 32.5 na 42.5, huwachanganya wengi. Mtu akinunua 42.5 huona kwamba amenunua nyumba yenye nguvu hiyo. Namba hiyo inaeleza kipimo cha maabara. Wataalamu huchukua uzito mmoja wa saruji, uzito mara tatu wa mchanga maalumu uliochambuliwa, na maji nusu ya uzito wa saruji. Hutengeneza vipande vidogo vya milimita 40 kwa 40 kwa 160, wakavilaza ndani ya maji siku 28, kisha wakavibana mpaka vivunjike. Saruji ya 42.5 ni ile ambayo vipande vyake huhimili angalau nyutoni 42.5 kwa kila milimita ya mraba, karibu kilo 430 kwa kila sentimita ya mraba. Zege la moja-mbili-nne kwenye kiwanja likifanywa vizuri hulengwa kufika kama nusu ya hapo, na likifanywa ovyo hata nusu hiyo huioni. Mfuko uleule wa 42.5 unaweza kuzaa zege zuri kwa jirani na zege bovu kwako.

Swali linalokuja kwa haraka ni hili: ikiwa saruji ndiyo yenye nguvu, kwa nini tusijenge kwa saruji tupu? Jibu liko kwenye sakafu nyingi za mijini na vijijini, zile zilizopigwa niru. Niru ni saruji na maji tu, na ukiitazama baada ya miezi kadhaa utaona nyufa nyembamba zimetambaa huku na huku. Saruji tupu husinyaa inapoganda. Pia hutoa joto. Kwenye tabaka jembamba la niru joto hilo hupotea bila kuonekana, lakini kwenye nguzo nene lingepasua kila kitu. Kokoto na mchanga hazigandi, hazisinyai, hazitoi joto. Huizuia saruji isijikunje, na huchukua nafasi ambayo vinginevyo ingejazwa na kitu cha gharama kubwa. Si vijazo vya kubana matumizi tu. Katika ujazo wa zege, karibu robo tatu ni mawe na mchanga, na jiwe jema ni gumu kuliko gundi inayolishika.

Ndiyo maana inaniuma ninapoona mtu anabishana nusu saa juu ya chapa ya saruji, halafu anapokea lori la kokoto bila kushuka kibarazani. Kokoto hazifanani. Dar es Salaam, zile zinazoletwa kutoka Lugoba, upande wa Chalinze, ni za mawe magumu yanayovunjwa na mashine. Kunduchi, akina mama wamelea watoto wao kwa kuponda mawe kwa nyundo, na mawe ya pale ni ya matumbawe, laini zaidi na yenye vitundu vinavyonyonya maji. Yana kazi zake, ila nguzo ya ghorofa si mojawapo. Kokoto zilizofunikwa na vumbi nazo zina shida yake, kwa sababu saruji hushika vumbi badala ya jiwe. Kuziosha ni kazi ya asubuhi moja.

Mchanga nao una siri zake. Uweke kwenye chupa inayoonesha ndani, tia maji, tikisa, acha utulie saa chache. Mchanga hushuka chini na udongo hubaki juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka hilo likiwa nene, rudisha lori. Na mchanga wa ufukweni usiingie kabisa kwenye zege lenye nondo, hata ukipewa bure; sababu nitaieleza mbele.

Sasa maji, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Saruji ili iungane na maji kikamilifu kwa kemia yake inahitaji maji kiasi cha robo ya uzito wake na ushee. Zege la maji kidogo hivyo lingekuwa gumu kuchanganya na kumwaga, kwa hiyo tunaongeza. Maji ya ziada hayaungani na chochote. Hukaa ndani ya zege, kisha hutoka taratibu na kuacha vijitundu visivyoonekana kwa macho, na kila kijitundu ni mahali ambapo hapana jiwe. Mwaka 1918, huko Chicago, mhandisi Duff Abrams alitangaza alichokiona baada ya majaribio mengi: kwa vifaa vilevile, nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji kwa saruji. Maji yakipanda, nguvu hushuka. Karne moja imepita na wahandisi bado wanaanzia hapo.

Kwa lugha ya kiwanjani: mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne, mfuko mmoja unataka mchanga lita 70, ndoo tatu na nusu za lita 20. Kokoto lita 140, ndoo saba. Na maji lita 25 hadi 27, ndoo moja na robo au zaidi kidogo. Kijana wa mpira akiongeza nusu ndoo ili beleshi liwe jepesi, maji yamefika lita 35 na zege limepoteza theluthi ya nguvu zake au zaidi. Nusu ndoo tu kwa mfuko. Mwenye nyumba aliyekesha akilinda mifuko isiibiwe amepoteza nguvu ya mifuko mingi kupitia mpira, mbele ya macho yake, na hakuna polisi wa kumwendea.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, mchanga wenyewe umebeba maji. Ndoo ya mchanga mbichi ina maji ya kutosha kuvuruga hesabu yote, na fundi mzuri hupunguza maji asubuhi hiyo bila kuambiwa. Fundi wa namna hiyo ukimpata, mlipe vizuri. Namna ya kulipima zege bichi ni rahisi: chombo cha bati chenye umbo la pia, kimo chake milimita 300, hujazwa zege kwa matabaka matatu, kila tabaka likashindiliwa kwa chuma, kisha chombo huinuliwa taratibu na mpimaji hutazama zege limeshuka kiasi gani. Likimwagika chini lote, limelewa maji. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala cheti, na bado kwenye viwanja vya nyumba za kawaida hukioni.

Halafu zege likishamwagwa, maji yaleyale yaliyokuwa adui yanakuwa rafiki. Watu husema zege limekauka. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Huwa gumu kwa sababu chembe za saruji zinaendelea kuungana na maji, siku baada ya siku, zikiota vijisindano vinavyofumana kati ya mchanga na kokoto. Maji yakiisha mapema, kazi hiyo husimama palepale ilipofika. Zege lililoachwa hewani bila kumwagiliwa linaweza kuishia karibu nusu ya nguvu ambayo lingefika kama lingetunzwa likiwa na unyevu mwezi mzima. Juu linaonekana lilelile, kijivu na gumu, ukucha haupenyi. Ndani limesimama katikati ya safari.

Kwa hiyo siku saba za kwanza ni za kumwagilia asubuhi, mchana na jioni, na sehemu zenye jua kali na upepo, kama Dodoma, kumwagilia peke yake hakutoshi. Funika kwa magunia yaliyolowa, au turubai, au zungusha tuta dogo la mchanga pembeni mwa slabu na kuijaza maji. Wiki mbili ni bora kuliko moja. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28 kwa sababu kufikia hapo sehemu kubwa ya kazi imekwisha, ingawa zege huendelea kukomaa polepole kwa miaka. Kutoa mirunda chini ya slabu siku ya tano kwa sababu inatakiwa kwenye kiwanja kingine ni kucheza na roho za watu, na hili nalisema kwa uzito wake wote.

Wazee wa pwani waliijua subira ya namna hii, ingawa hawakuwa na saruji. Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu ulipopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, mafundi walijenga kuba na matao kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikwa na chokaa, na kuba kadhaa zingali juu mpaka leo. Matumbawe yalichomwa juu ya rundo la magogo, yakazimuliwa kwa maji, na chokaa ikaachwa ilainike kabla ya kutumiwa. Kwa maana pana, lile ni zege: mawe yaliyoshikwa na gundi. Tofauti iko kwenye gundi. Chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, na hilo huchukua miezi na miaka. Ndani ya ukuta mnene au chini ya maji haigandi sawasawa. Warumi walilitatua hilo kwa kuchanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, wakapata gundi inayoganda hata majini. Kuba la Pantheon mjini Roma, la upana wa mita 43, lina karibu miaka 1,900 na halina nondo hata moja.

Saruji tunayonunua leo ilipata jina mwaka 1824, pale Joseph Aspdin, fundi wa matofali na ukuta wa Leeds, Uingereza, alipopewa hataza ya unga aliouita Portland, kwa kuwa ulipoganda ulifanana na jiwe la kujengea la kisiwa cha Portland. Ya kwake haikuchomwa kwa joto kubwa kama ya siku hizi. Waliofuata ndio walioongeza moto.

Nondo ziliingia baadaye. Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaolibana na dhaifu mno linapovutwa, na boriti iliyolala hubanwa juu na kuvutwa chini kwa wakati mmoja. Mwaka 1867 mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya vyungu vya zege vyenye nyavu za chuma ndani, na kutoka kwenye vyungu wahandisi walifika kwenye madaraja. Kwa nyumba za Waswahili mabadiliko yalikuwa makubwa. Vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Slabu yenye nondo ndiyo iliyotuwezesha kuwa na sebule za mita tano.

Chuma ndani ya zege huishi kwa sababu saruji hukizunguka kwa chokaa kali inayozuia kutu. Ukali huo ndio unaounguza ngozi ya saidia fundi anayefanya kazi bila buti wala glovu. Chumvi huuvunja ulinzi huo. Mchanga wa baharini huja na chumvi yake, na upepo wa pwani huileta nyingine. Nondo ikishika kutu huvimba, ikivimba hupasua zege kutoka ndani, na mwenye nyumba huona vipande vinadondoka kutoka kwenye lenta akadhani saruji ilikuwa mbovu. Mara nyingi nondo iliachwa imegusa mbao zilizoshika zege bichi. Vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti huwekwa kuiinua nondo ili zege liifunike kwa milimita 25 au zaidi, na karibu na bahari zaidi ya hapo.

Anayetaka kuona zege lisilotegemea wingi wa saruji atazame bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Ukuta wake una kimo cha mita 131 na umejengwa kwa zege la kushindiliwa. Zege la aina hiyo huwa kavu kiasi kwamba humwagwa na malori, likasambazwa na matingatinga na kushindiliwa na mitambo ya barabara, tabaka juu ya tabaka. Huwekewa saruji kidogo kwa makusudi, kwa sababu kwenye ukuta mnene hivyo joto la saruji nyingi lingekosa pa kutokea na kuupasua. Marekani, walipojenga bwawa la Hoover miaka ya 1930, walilazimika kupitisha mabomba ya maji baridi ndani ya zege ili kulipoza.

Kuna sababu nyingine ya kutotupa saruji ovyo. Viwanda vya saruji duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye moto. Hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapogeuka chokaa. Majivu ya volkano yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka, na Tanzania inayo, Mbeya na Arusha.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, kuanzia udongo wa msingi hadi michoro, na kila moja lina uchunguzi wake. Lakini baada ya kila ajali ya namna hii mazungumzo ya mitaani huenda moja kwa moja kwenye saruji: ni feki, ni ya bei rahisi, imechakachuliwa. Wachache huuliza kama kulikuwa na vipimo vya zege.

Vipimo hivyo vipo na si vya ajabu. Zege linapomwagwa, mtu huchota kutoka kwenye mchanganyiko uleule na kujaza visanduku vya milimita 150 kila upande. Kesho yake hufunguliwa, vipande huwekwa ndani ya maji, na maabara huvivunja siku ya saba na siku ya 28. Kwa ghorofa, mhandisi hapaswi kuruhusu kazi iendelee juu bila majibu hayo. Kwa nyumba ya chini, ningependa halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi iwe inadai angalau kimoja, kile cha mkanda au cha nguzo, kabla mwenye nyumba hajaruhusiwa kupaua. Mwenye nyumba naye, kabla ya siku hiyo, anaweza kununua ndoo moja, akaichora mstari kwenye lita 5, na kumkabidhi kijana wa maji badala ya mpira.